Fundi Anajibu: Sauti Inayojibana na Kujiachia Yenyewe

Mwezi huu nimepata maswali mengi ya sauti za simu kuliko ya betri, ajabu kweli maana kwa kawaida ni betri tu. Nimeyachagua matano yanayoshikana, na la pili nimelijibu kwa urefu maana ndo nalipenda, mnisamehe.

SWALI: Shikamoo fundi. Mama yangu yuko milimani huko Lushoto, mimi niko Korogwe. Nikimpigia akiwa barazani sauti safi kabisa, akiingia jiko la nyuma inageuka kama anaongelea ndani ya mtungi, lakini haikatiki. Cha ajabu yeye ananisikia vizuri tu. Simu yake mbovu au? – Msomaji, Korogwe

Marahaba. Simu ya mama nzima, usimpeleke kwa fundi akafunguliwe bure.

Iko hivi. Sauti ikiingia kwenye simu inapimwa mara 8,000 kila sekunde na kila kipimo kinageuzwa namba. Wazo lenyewe ni la zamani, Muingereza mmoja anaitwa Alec Reeves alilipata mwaka 1937 akiwa kwenye maabara huko Paris, wakati huo hata vifaa vya kulifanya kazi vilikuwa bado. Kwenye simu za mezani likaja kuwekewa sheria ya kimataifa mwaka 1972, kila kipimo kipewe biti 8 (biti moja ni 0 au 1), ukizidisha kwa 8,000 unapata biti 64,000 kwa sekunde. Kwenye waya hiyo sawa. Hewani sasa, mnara mmoja na watu wote wa tarafa wanagombania, kilobiti 64 kwa mtu mmoja ni anasa.

Ndo maana simu za mkononi za GSM zilipoanza mwaka 1991 zilikuja na njia ya kuibana sauti mpaka kilobiti 13. Shida yake ilikuwa haibadiliki, uko chini ya mnara ni 13, uko bondeni ni 13, na ukizidi kwenda mbali biti zinaharibika njiani, sauti inaanza kukwaruza afu inakatika. Mwaka 1999 wakapitisha nyingine yenye gia nane, ya juu kabisa kilobiti 12.2 na ya chini 4.75, na simu inabadilisha gia yenyewe katikati ya maongezi bila wewe kugusa chochote. Wewe wa Korogwe utakuwa umepanda ile barabara ya Mombo kwenda Lushoto, unajua dereva akifika kwenye zile kona anashusha gia, gari linaunguruma na mwendo unapungua lakini linapanda. Hivohivo.

Sasa angalia kinachotokea ndani. Kila milisekunde 20 simu ya mama ina nafasi ya kurusha biti 456 tu, haziongezeki. Akiwa barazani biti 244 zinabeba sauti na 212 zinabaki za kuilinda isiharibike njiani. Akiingia jikoni, ukuta, bati, mlima nyuma yake, mnara unaona biti zinafika zimechakaa, unaiambia simu ishuke. Kwenye gia ya chini kabisa sauti inapewa biti 95 tu na zilizobaki karibu zote zinakuwa walinzi. Yani sauti yenyewe imekondeshwa, ndo huo mtungi unaousikia, lakini imezungukwa na walinzi zaidi ya 300 kwa hiyo inafika.

Na kwanini yeye anakusikia vizuri? Kwa sababu kwenda na kurudi vinapimwa mbalimbali. Mnara una nguvu, simu ya mama ina kibetri. Sauti ya kutoka kwake inaweza kuwa gia ya chini huku ya kwenda kwake iko juu.

Kitu kingine, usiku wa kuamkia Idi au mwaka mpya mnara ukijaa unaweza kuikata nafasi moja ukawagawia watu wawili nusu nusu, hapo hata ukikaa chini ya mnara kabisa sauti itapungua unene. Mwambie mama arudi barazani.

SWALI: Mambo fundi. Nasoma ufundi wa elektroniki. Ticha katufundisha ADPCM, ile njia ya kuigeuza sauti kuwa namba chache, kasema A ni adaptivu, ukubwa wa hatua unabadilika kufuata sauti, na kwamba ule ukubwa wa hatua hautumwi kwa mpokeaji. Nikamuuliza sasa mpokeaji anaujuaje, akasema utaelewa mbele. Mbele yenyewe imepita sijaelewa. – Mwanafunzi, Arusha

Poa sana. Hili swali bwana, mimi lilinitesa miezi.

Tuanze na tatizo lenyewe. Ukipima sauti kwa rula yenye hatua kubwa, mtu akinong'ona kila kitu kinasomeka sifuri au moja, mnong'ono unapotea. Ukitumia rula ya hatua ndogo, mtu akipiga kelele rula inaisha kabla hajamaliza. Unataka rula inayovutika, mtu akinong'ona inajibana, akipaza inajiachia. Hiyo ndo A. Ile D inayofuata ina maana kwamba hatupimi sauti yenyewe, tunapima tofauti kati ya sauti iliyokuja na ile tuliyoitabiri, maana sauti ya mtu hairukiruki ovyo, kipimo cha sasa kinafanana na kilichopita, kwa hiyo tofauti ni ndogo na biti 4 zinatosha pale ulipokuwa unatumia 8. Kilobiti 64 zimekuwa 32, nusu bei. Mwaka 1984 ikawekewa sheria ya kimataifa, na bomba lililokuwa linabeba maongezi 30 likaanza kubeba 60 bila kuchimba mtaro mwingine. Kwa simu za nje enzi hizo hiyo ilikuwa hela nyingi sana.

Haya, mpokeaji anajuaje. Chukua bao, bao la kete hili la kwetu, mashimo 32 kete 64 (na kilobiti 64, imegongana tu msianze kuniandikia). Wewe uko Arusha una bao lako, mimi niko Tanga nina langu, tunacheza kwa simu. Ukicheza unaniambia nini? Unaniambia shimo fulani, unaelekea kushoto, basi. Hunihesabii kete za kila shimo. Unajua kabisa kwamba bao langu mimi limekaa kama lako, kwa sababu tulianza sawa, kanuni ni moja, na kila hoja niliyoisikia nimeicheza na mimi upande wangu. Mpaka dakika ya ishirini mabao yetu yanafanana shimo kwa shimo na hakuna aliyemtumia mwenzake hali ya bao hata mara moja.

Hatua ya ADPCM ndo hali ya bao, na zile biti 4 ndo hoja. Ukubwa wa hatua unaofuata unakokotolewa kutoka kwenye namba iliyotumwa sasa hivi, na hiyo namba mpokeaji anayo. Mtumaji asichungulie sauti halisi kuamua hatua, hata kama iko mbele yake, maana mpokeaji hana, achungulie tu kile alichokituma. Hapo ndo wengi wanapotelea, wanadhani mtumaji anaamua afu mpokeaji anafuata, kumbe wote wawili wanafuata, wanaifuata ile namba. Jamaa wa maabara ya simu ya Bell Labs huko Marekani akina Jayant waliiweka hii sawasawa mwaka 1973, na kanuni yao ni fupi mpaka inaudhi: namba ikitoka ya ukingoni kabisa mwa rula, rula ni fupi, irefushe, ikitoka ya karibu na sifuri, rula ni ndefu mno, ifupishe kidogo. Imeisha.

Nikuoneshe kwa namba maana maneno peke yake yanadanganya. Kuna aina moja ilitumika sana kwenye sauti za kompyuta miaka ya 90, ina jedwali la hatua 89, ndogo kabisa ni 7, kubwa kabisa ni 32767. Biti moja ni ya alama, juu au chini, tatu ni za ukubwa, yani 0 mpaka 7. Ukitoa 0, 1, 2 au 3 unashuka ngazi moja kwenye jedwali. Ukitoa 4 unapanda mbili, 5 nne, 6 sita, 7 nane. Sasa chukua mtu amenyamaza, hatua iko 7, ghafla anasema "Pita!" Ile P inalipuka, namba inatoka 7, tunapanda ngazi nane, hatua inakuwa 16. Bado haitoshi, inatoka 7 tena, hatua 34. Tena 7, hatua 73. Vipimo vitatu tu, ukiwa unapima mara 8,000 kwa sekunde hiyo haifiki hata nusu ya milisekunde, na rula imeshavutika mara kumi. Mlipuko ukipita inaanza kushuka, 73, 66, 60, 55, ngazi moja moja.

Umeona inapanda haraka inashuka taratibu? Kama bei ya mafuta. Ila hapa kuna sababu ya maana, sauti ya mtu huwa inaanza kwa kishindo na kufa polepole. P, T, K zinakuja bila hodi, lakini irabu ya mwisho inafifia taratibu.

Bao lina ubaya mmoja unaujua. Nikisikia vibaya hoja moja, umesema shimo la tatu nikasikia la nne, kuanzia hapo mabao yetu yameachana na kila hoja inayofuata inazidi kuyatenganisha, mpaka mmoja aseme "wewe huna kete hapo" ugomvi uanze. Kwenye ADPCM ni vilevile, biti ikiharibika njiani rula ya mpokeaji inakuwa tofauti na ya mtumaji. Ujanja waliouweka kwenye zile za simu ni usahaulifu, kila kipimo mashine zote mbili zinasahau kidogo hali ya nyuma na kuvutwa taratibu kurudi kwenye ukubwa wa kawaida, kwa hiyo hata zikitofautiana baada ya muda mfupi zinakutana tena. Unasikia "tak" kidogo afu maongezi yanaendelea. Laiti bao lingekuwa hivo.

Ile ya kompyuta ya jedwali haina usahaulifu huo. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika programu ya kucheza salamu ya mlangoni kwa mtaalamu mmoja wa sifa (mimi), nikasahau kurudisha ngazi ya jedwali kwenye mwanzo kila salamu inapoanza upya. Mara ya kwanza ikasema "Karibu", mara ya pili ikasema "Karibu" kama chura aliyekanyagwa, mgeni akarudi getini. Nilibadilisha spika mbili kabla sijagundua kosa liko kwenye mstari mmoja. Ukipewa zoezi la kuiandika hiyo anza hapo kwanza.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nikipiga huduma kwa wateja popote pale wananiwekea muziki nisubiri, na huo muziki unasikika kama kanda iliyoliwa na panya. Yule dada akija sauti yake iko safi kabisa. Si simu ni ileile jamani? – Msomaji, Mombasa

Nzuri, pole na kusubiri.

Simu ni ileile, ila simu ya mkononi haikusikii wewe kama sauti, inakusikia kama koo. Hii ni hatua moja mbele ya yale ya mwanafunzi wa Arusha hapo juu. Badala ya kufuata wimbi lenyewe, simu inajiuliza koo na mdomo wa huyu mtu sasa hivi vimekaaje, nyuzi za sauti zinatetemeka mara ngapi kwa sekunde, inaandika maelezo hayo kila milisekunde 20 na kuyatuma, upande wa pili unatengeneza koo la bandia na kulipulizia. Kwa kile kidogo kisichoelezeka kwa koo, simu inakuwa na kitabu cha vipande vilivyoandaliwa, inavijaribu mpaka ipate kinachofanana zaidi, na inatuma namba ya kipande. Wenyewe walioileta, Schroeder na Atal, mwaka 1985, kuishughulikia sekunde moja ya sauti kulichukua zaidi ya dakika mbili kwenye Cray-1, kompyuta kubwa ya kutisha ya wakati huo. Leo kitochi chako kinafanya papo kwa papo huku kinawasha tochi.

Sasa weka taarab. Fidla, kanuni, akodiani, ngoma, mwimbaji juu yake, vyote kwa pamoja. Simu inatafuta koo moja lenye mtetemo mmoja, inakuta makoo sita, inachagua moja baada ya jingine kama mtu aliyechanganyikiwa. Ndo hiyo kanda ya panya. Dada akija kuna koo moja, simu inapumua.

Kwa hiyo wanaoweka muziki wa kusubiri kwa maoni yangu wangeweka mtu anasimulia hadithi, ingesikika.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Niko Muscat, mama yuko Unguja. Akinitumia voisi ya WhatsApp namsikia kama kakaa pembeni yangu, hata kikombe kikiwekwa kwenye sahani nasikia. Tukipigiana simu ya kawaida anakuwa mtu mwingine. Na faili la voisi ni dogo! Naomba nieleweshe. – Msomaji, Muscat

Waaleikum salaam, msalimie bi mkubwa.

Simu ya kawaida ya mtindo wa zamani inapitisha sauti kuanzia mitetemo 300 mpaka 3,400 kwa sekunde tu, chini na juu ya hapo panakatwa. Waliona inatosha kuelewana, na kweli inatosha, ila herufi kama S na F zinatofautiana sana huko juu kulikokatwa. Ndo maana ukitaja jina kwenye simu unaishia kusema "S ya samaki, siyo F ya fisi". Kile kikombe na sahani nacho mlio wake mwingi uko huko juu.

Voisi inatumia kodeki (programu ya kuibana sauti na kuifungua) inaitwa Opus, ilipitishwa mwaka 2012 na iko wazi kwa yeyote kuitumia bure. Hiyo ndo hodari wa kujirekebisha kuliko zote nilizozitaja leo, inaanzia kilobiti 6 kwa sekunde mpaka 510, na ndani yake kuna mashine mbili zilizounganishwa, moja ilitoka Skype ni ya maongezi, inafuata koo, nyingine ilitoka kwa watu wa Xiph, shirika la programu huria, inafaa muziki, na inaweza kuhama kati ya hizo mbili au kuzitumia pamoja. Mama akiongea wa kwanza anafanya kazi, jirani akifungulia redio wa pili anaingia. Udogo wa faili piga hesabu mwenyewe, kwa kilobiti 16 dakika moja ni kilobaiti 120, wakati mtindo wa zamani wa kilobiti 64 dakika hiyohiyo ingekuwa 480 na bado ingekatwa juu na chini.

Halafu voisi ina raha moja simu haina, haina haraka. Kipande kikipotea njiani kinaombwa tena mpaka kifike. Maongezi ya moja kwa moja hayawezi kusubiri, kipande kikichelewa kimekufa, simu inabuni kitu cha kuziba pengo. Ukisikia mama kasema "mwananguuuu" kwa kuvuta, pengine hajavuta yeye, ni simu imerudia kipande cha mwisho kwa kukosa kingine.

Ikiwa simu zenu zote mbili na mitandao yote ya katikati inaruhusu sauti pana, ile inayofika mitetemo 7,000, hata simu ya kawaida itabadilika. Ila toka Unguja mpaka Muscat sauti inapitia mikono mingi, mmoja tu akiwa wa zamani wote mnarudi kwenye 3,400.

SWALI: Fundi, nikinyamaza kwenye simu mume wangu anaanza "haloo, haloo, umekata?" wakati mimi nipo. Lakini nikiwa nasikiliza mimi naona kuna kaupepo fulani hivi. Nani mkweli? – Msomaji, Bukoba

Wote. Ukinyamaza simu yako inagundua hakuna maneno na inaacha kurusha sauti, inaokoa betri na nafasi hewani, karibu nusu ya maongezi kila mtu huwa kanyamaza anasikiliza. Sasa kimya kikiwa kimya kabisa mtu anadhani imekatika, kwa hiyo simu yako inatuma mara mojamoja maelezo mafupi ya mvumo wa chumbani kwako, na simu ya mumeo inatengeneza upepo wa bandia unaofanana nao. Huo upepo unaousikia wewe haujatoka kwake, umetengenezwa sikioni kwako na simu yako mwenyewe kwa maelezo ya kule. Ukikaa chumba kilichotulia sana maelezo yanakuwa ya upepo mdogo mno na yeye hasikii kitu, ndo haloo haloo. Guna tu kidogo.